Zabuni na Ujuzi wa Fundi: Bonde la Kathmandu Baada ya Tetemeko la 2015

Maandishi mengi kuhusu miji iliyobomolewa na tetemeko la ardhi huhesabu fedha: zilizoahidiwa, zilizotolewa, zilizokwama. Hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini katika bonde la Kathmandu imefunika swali ambalo kwangu ni zito zaidi: nani anajua kujenga, na nani ana mamlaka ya kumkubali kuwa anajua? Ninashikilia kwamba ujenzi mpya wa Nepal ulikwama kwa kiasi kikubwa kwa sababu mfumo wa zabuni haukuwa na namna ya kuutambua ujuzi wa fundi kuwa ni elimu. Mahali mafundi na wenyeji waliposhika usukani, kazi ilikwenda, tena kwa ubora.

Tetemeko la 25 Aprili 2015, lenye ukubwa wa 7.8, lilipiga Jumamosi kabla ya adhuhuri, shule zikiwa zimefungwa. Watu wapatao 9,000 walifariki, na nyumba zaidi ya nusu milioni zikaharibika kabisa. Serikali iliahidi kila kaya iliyopoteza nyumba rupia 300,000 kwa awamu tatu. Awamu ya pili haikutoka mpaka mhandisi aukague msingi, wala ya tatu mpaka azikague kuta. Mpango ulidhani waashi wapo. Wengi hawakuwapo. Walikuwa Qatar, Saudia, Falme za Kiarabu na Malaysia, wakijenga miji ya watu wengine, na fedha walizotuma nyumbani zilizidi robo ya pato la taifa. Msomaji wa Mombasa au Kampala mwenye ndugu Ghuba anaelewa maana yake: nchi huishi kwa jasho la vijana ambao siku ya msiba hawapo kubeba tofali. Pengo hilo liliwafungulia mlango wanawake. Wengi waliozoea kuwa saidia fundi, wakibeba mchanga na maji, walipata mafunzo ya uashi na kuanza kupanga mawe, kufunga nondo na kumwaga mikanda ya zege inayozishika kuta.

Mgogoro wa wazi kabisa kati ya zabuni na ujuzi wa fundi ulizuka Rani Pokhari, bwawa la kifalme lililochimbwa katikati ya Kathmandu mwaka 1670 kwa amri ya mfalme Pratap Malla. Ukarabati ulipozinduliwa mwaka 2016, mkandarasi aliingiza zege mahali palipojengwa kwa matofali na udongo. Sheria ya ununuzi wa umma ilitazama zaidi nani ametaja bei ya chini. Haikuuliza ni nani aliyewahi kuunganisha matofali kwa chokaa iliyochanganywa na vumbi la matofali, wala ni nani ajuaye udongo upi huzuia maji yasinyonywe na ardhi. Wakazi na wanaharakati waliandamana, kazi ikasimamishwa, na hatimaye bwawa na hekalu lake vikajengwa upya kwa vifaa vya asili. Miaka kadhaa ilipotea, na lawama zikawaangukia wenyeji eti wanachelewesha maendeleo. Lawama hiyo haikuwa ya haki: mwenye kuchelewesha kazi ni yule anayeijenga vibaya ikalazimu kubomolewa.

Wapo wanaojibu kwamba mahekalu ya mbao na matofali ndiyo yaliyoanguka, kwa hiyo zege ni usalama. Hoja hiyo inastahili jibu la kina, na jibu lilipatikana ardhini. Kasthamandap, banda kuu la mbao lililoupa mji wa Kathmandu jina lake, liliporomoka lote. Wanaakiolojia wa Nepal na wenzao wa Chuo Kikuu cha Durham walipofukua chini yake, waliukuta msingi ukiwa imara, chimbuko lake likirudi nyuma hadi karne ya 7. Kasoro ilikuwa juu: moja ya nguzo nne kuu haikuwa imekaa kwenye jiwe lake la kitako. Wajenzi wa kwanza hawakukosea. Waliokosea ni warekebishaji wa baadaye ambao hawakuelewa kazi waliyoirithi. Baadhi ya mahekalu mengine yaliyoanguka yalikuwa yamejengwa upya haraka haraka baada ya tetemeko la 1934, bila ndimi zote za mbao kurudishwa kwenye matundu yake. Kilichopungua humo ni uangalizi wa fundi.

Huko Patan, mji mwingine wa bonde hilo, mbao za nakshi za mahekalu yaliyoanguka, likiwemo Char Narayan, ziliokolewa kwenye kifusi na kuhifadhiwa. Wachonga nakshi wa jamii ya Wanewar, wenyeji wa bonde, walizipanga kipande kwa kipande, wakaunga mbao mpya pale tu ya zamani ilipooza. Kazi hiyo haipimwi kwa mita ya mraba. Katika mji wa tatu, Bhaktapur, walikwenda mbali zaidi: manispaa iliwakabidhi ujenzi wakazi wa mitaa kupitia kamati zao, na mwaka 2018 ikauacha msaada wa Ujerumani kuliko kukubali masharti yaliyoambatana nao. Wengine waliuona uamuzi huo kuwa kiburi. Mimi nauona kuwa wa busara, kwa sababu kamati ya mtaa inamjua fundi kwa kazi zake, na fundi naye atapita mbele ya ukuta wake kila siku.

Hata hivyo, kuutetea ujuzi wa jadi kusitufanye tuyafumbie macho mahusiano yaliyoubeba. Kuchonga na kuashi katika bonde hili kulirithiwa ndani ya tabaka za koo, baba kwa mwana, na wanawake waliwekwa kando. Hata leo mwanamke hulipwa pungufu kwa siku ileile ya kazi. Kamati ya mtaa inaweza kumlinda fundi mzee na wakati huohuo kumzuia binti anayetaka kushika patasi. Kwa hiyo mageuzi ya sheria ya zabuni hayatoshi yakiishia kwenye mahekalu. Mkataba wa umma unapaswa kudai mafundi wenye rekodi ya kazi inayoonekana, uweke nafasi za wanagenzi wa kike na wa kiume, na utaje ujira wa siku usiotofautiana kwa jinsia. Vipengele hivyo vitapandisha gharama, na wizara ya fedha itavipinga. Ni gharama ndogo kuliko ile ya kumpeleka mwashi Doha na kisha kumtafuta mwingine asiyejua kazi.