Njia ya Marangu na Walioibeba

Asubuhi langoni Marangu, kazi huanzia kwenye mizani. Wapagazi hujipanga foleni, kila mmoja na furushi lake, na mzigo wa mgeni usizidi kilo 20. Ukizidi, unafunguliwa na kupunguzwa hapohapo. Kisha mzigo hupandishwa kichwani, safari ikashika msitu kuelekea kambi ya Mandara. Mgeni akifika kambini jioni, hukuta maji ya chai yameshachemka.

Utaratibu huo wa wapagazi kubeba mahitaji ndio ulioufungua mlima Kilimanjaro. Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alikwamishwa na barafu ya Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima. Mwaka uliofuata hata mlima hakuufikia: vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilimkuta njiani, akatekwa, akaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari kutoka Austria, wakapokewa na Mangi (yaani chifu) Marealle wa Marangu. Safari hii Meyer alijipanga kwa chakula. Aliweka kambi kwa hatua, ya juu kabisa ikiwa kwenye mita zipatazo 4,300, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kuleta mahitaji kutoka Marangu. Huko juu kwenye baridi alibaki nao Mwini Amani, mtu wa Pangani.

Faida ilionekana upesi. Tarehe 3 Oktoba wazungu hao wawili walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, wakarudi kambini. Kwa kuwa chakula kilikuwepo, walipumzika, wakajaribu tena, na tarehe 6 wakasimama kileleni. Meyer akakiita kwa jina la Kaisari Wilhelm.

Tangu hapo njia hii, kwa majina yake, imesimulia nani alikuwa na nguvu wakati gani. Wajerumani walijenga vibanda viwili, wakaviita Bismarck na Peters. Huyu Carl Peters, alipokuwa mtawala hapo Marangu, aliwanyonga mtumishi wake na msichana aliyekuwa akiishi naye. Mwaka 1897 serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi. Leo Bismarck ni Mandara, kwa heshima ya Mangi Rindi wa Moshi aliyejulikana kwa jina hilo, na Peters ni Horombo, mangi aliyetamba upande wa Rombo kabla Wajerumani hawajafika. Juu ya Kibo, kwenye ukingo wa kreta, majina ya enzi ya Waingereza yamebaki: Gillman na Stella. Kilele chenyewe, chenye mita 5,895, kilipata jina la Uhuru baada ya Luteni Alexander Nyirenda kupandisha bendera na mwenge usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961.

Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, na baadaye njia nyingine zikaipiku Marangu kwa umaarufu. Machame ni mojawapo, na sababu yake ni ya kimwili. Anayepita Machame hupanda hadi Lava Tower, mita zipatazo 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, chini kwa mita zaidi ya 600, na mwili ukapata nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Marangu hupanda moja kwa moja na kurudi palepale. Wengi huikimbilia kwa sababu ina vitanda, wakashindwa kwa sababu ya haraka.

Hata hivyo, Marangu ndiyo njia inayosomeka kama kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ina pengo. Mamangi wamepewa vibanda, wageni wamepewa ukingo wa kreta, taifa limechukua kilele. Aliyebeba unga, kuni na mahema hajapewa kituo hata kimoja. Majina ya mlima huu yamewahi kubadilishwa, tena bila tabu. Eneo tambarare kati ya Kibo na kilele jirani cha Mawenzi, alikokaa Mwini Amani, lingefaa kuanzia.