Mboga Isiyopandwa: Habari za Majani ya Kiangazi Katika Nchi ya Mara

Mgeni afikaye Tarime mwezi wa Aprili huona nchi ya kijani tupu: migomba na mahindi juu ya vilima, ukungu wa asubuhi, na njia zenye utelezi. Akisikia mtu ataka kusimulia habari za kupata mboga mahali pakavu, atacheka. Lakini na arudi mwezi wa Agosti, kisha ashuke kutoka vilima hivyo aelekee Mugumu na mto Grumeti. Hapo kicheko kitamwishia. Majani yamegeuka rangi ya simba, vijito vingi vimebaki mchanga, na mama mwenye nyumba ausongapo ugali hujiuliza: Je, leo tutatowea nini? Swali hilo ni la kale, na majibu yake yana historia ndefu kuliko watu wengi wadhanivyo.

Nchi yetu si jangwa. Nyanda za kusini mashariki mwa Serengeti, zilizo nyuma ya milima ya Ngorongoro, hupata mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka, kwa sababu milima ile huyazuia mawingu yatokayo baharini. Lakini upande wa kaskazini magharibi mvua huzidi milimita 1,000. Shida yetu si uchache wa mvua tu, bali ni jinsi inavyogawanyika. Masika huanyesha tangu Machi hata Mei, na vuli mwezi wa Novemba na Desemba. Kati yake, tangu Juni hata Oktoba, jua hutawala peke yake. Basi miezi hiyo mitano ni kama jangwa lijalo kututembelea kila mwaka, na kila nyumba sharti ilipokee.

Wazee wetu, Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, walimpokeaje mgeni huyo? Watu wengi hujibu kwamba walikula nyama na kunywa maziwa. Kweli, walikuwa na ng'ombe, na baadhi yao walikuwa wawindaji hodari. Walakini chakula cha kila siku kilikuwa ugali wa wimbi au wa mtama, na kitoweo cha kila siku kilikuwa majani. Mtu hachinji ng'ombe wake kila jioni.

Majani yenyewe yalikuwa ya namna nyingi. Kwanza ni mgagani, ambao jirani zetu Wagusii huuita chinsaga na Wajaluo huuita akeyo. Kisha mnavu, mchicha wa porini, mlenda, na majani ya kunde. Tena palikuwa na majani ya maboga. Mboga hizi hazikuwa na bustani yake. Mgagani hasa hupenda mahali penye samadi; kwa hiyo zizi la zamani lililohamwa, mvua ikinyesha mara moja tu, hufunikwa na mgagani ambao hakuna mtu aliyeupanda. Mnavu na mchicha viliota kandokando ya mashamba, na wanawake walipopalilia wimbi walijua lipi la kung'oa na lipi la kuacha. Kwa hiyo ng'ombe aliwapa watu mboga pia, ingawa hakuna aliyemshukuru kwa ajili hiyo.

Tazama sasa sababu ya majani hayo kulistahimili jua. Mgagani una namna yake ya kutengeneza chakula ndani ya majani, iliyo sawa na ya mahindi na mtama, ambayo huuwezesha kukua katika joto kali kwa kutumia maji machache. Tena ni mwepesi: baada ya majuma manne au sita tangu kuota, huwa tayari kuchumwa, na ukichumwa vema huchipua tena. Mkunde hupeleka mzizi wake chini sana kutafuta unyevu, na tena huurudishia udongo rutuba. Sasa linganisha na kabichi. Kabichi hukaa shambani miezi mitatu au zaidi, na katika muda huo hutaka maji ya kimo cha milimita 380 hata 500. Mwenye kijito kisichokauka aweza kuyapata. Mwenye kuchota kwa ndoo kisimani hawezi.

Kupika kwake ni elimu nzima. Mgagani ni mchungu, na asiyejua kuupika huuchukia tangu siku ya kwanza. Mpishi wa kale alichuma majani machanga, akayapukuchua kutoka vikonyo, akayaosha, akayachemsha katika chungu. Maji ya kwanza akayamwaga ili kupunguza uchungu. Kisha akatia maziwa, akafunika, akayaacha yalale. Kesho yake akayapasha moto tena na kuongeza maziwa au samli. Na kila yakipashwa uchungu hupungua, na utamu wa maziwa huingia ndani ya majani. Wengine huchanganya mgagani na mnavu au majani ya kunde, jani moja kulainisha ukali wa jingine. Mlenda hupikwa kwa magadi kidogo ili ulainike upesi na kuteleza, ukafaa kwa ugali mgumu wa mtama.

Wataalamu wa siku hizi wamepima mambo hayo. Wameona kwamba majani ya kijani yana madini ya chuma, na yana vitamini A imkingayo mtoto na ugonjwa wa kutoona usiku. Na kwamba mafuta ya maziwa au ya samli huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Basi bibi zetu hawakutia maziwa kwa ajili ya utamu peke yake. Lakini pia wameona kwamba maji yanayomwagwa huondoka na sehemu ya uzima wa mboga. Kwa hiyo yafaa kuchemsha kwa maji machache, na kumwaga mara moja tu.

Na kwa miezi ya jua kali palikuwa na akiba. Majani ya kunde yalichemshwa kidogo, yakaanikwa hata yakakauka, yakawekwa katika vyungu au vibuyu. Ilipofika Septemba, mama aliloweka kiasi cha kutosha, akapika kwa maziwa au kwa karanga zilizopondwa. Mbegu za msimu ujao zilitunzwa juu ya meko, mahali ambapo moshi huwazuia wadudu. Ghala hiyo ndogo ya mwanamke haikuhesabiwa katika mali ya nyumba, ijapokuwa ng'ombe walihesabiwa mmoja mmoja.

Thamani yake ilijulikana siku mali ile kubwa ilipopotea. Mnamo mwaka wa 1890 na 1891 sotoka iliingia nchi hizi na kuua ng'ombe wasiohesabika. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipopita Ngorongoro mwezi wa Machi 1892 aliwaona Wamasai waliobaki mifupa na ngozi kwa njaa. Kisha akavuka Serengeti kuelekea ziwani. Ndui na ukame vikafuata, na mnamo mwaka wa 1894 ikaja njaa ambayo watu wa Serengeti ya magharibi huikumbuka kwa jina la Njaa ya Miguu, kwa kuwa watu walitembea mbali mno kutafuta chakula, hata Usukuma. Katika miaka ya namna hiyo, asiye na maziwa wala nafaka hubaki na vitu viwili tu: mawindo, na majani yanayoota yenyewe mvua ikidondoka kidogo.

Baada ya hapo zikaja mboga za kigeni. Bustani za misheni, za shule na za boma la serikali zilileta kabichi, nyanya, karoti, vitunguu na sukuma wiki. Tusiwe wajinga wa kuzilaumu. Nyanya na vitunguu vimeutia mchuzi wetu ladha, na kabichi imewapatia watu wa vilima vya Tarime fedha za karo. Wala si kila cha kigeni ni dhaifu mbele ya jua: boga, muhogo na kiazi kitamu asili yake ni Marekani, na leo majani ya kiazi, yaani matembele, hutuokoa miezi ya shida. Kosa halikuwa katika mbegu, bali katika cheo. Kabichi ikahesabiwa chakula cha mtu aliyestaarabika, na mgagani ukaitwa mboga ya maskini, au gugu. Mtoto wa shule akafundishwa kung'oa lile jani ambalo bibi yake alifundishwa kuliacha.

Tena mahali penyewe pa kuchumia pakapungua. Mwaka wa 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa. Mwaka wa 1959 mipaka yake ikabadilishwa. Na baadaye nchi ya Lamai, kaskazini mwa mto Mara, ikatiwa ndani yake, na Wakuria waliolima huko wakahama. Mwaka wa 1974 watu wa Mara wakahamishiwa katika vijiji, nyumba zikapangwa mistari, na maboma ya kale yakaachwa nyuma pamoja na samadi yake. Sisemi mambo hayo ili kuhukumu. Wanyama wa Serengeti ni urithi wa dunia nzima, na vijiji vilileta shule na visima. Lakini msomaji na aone neno moja ambalo halikuandikwa katika amri yoyote: mboga ile iliyoota yenyewe ilikuwa na makao yake, na makao yale tumeyahama. Kwa hiyo mboga ambayo zamani haikupandwa, sasa sharti ipandwe, au tuikose kabisa.

Kuipanda wakati wa kiangazi kwahitaji akili, na hapa twaweza kujifunza kwa watu wakaao katika jangwa la kweli. Waomani tangu kale huongoza maji kwa mifereji iitwayo falaji kutoka chini ya milima hata mashambani, na kila mtu hupewa zamu yake kwa saa. Mitano katika mifereji hiyo iliandikwa katika urithi wa dunia mwaka wa 2006. Wazuni wa New Mexico, huko Marekani, hawainui matuta kama sisi tufanyavyo. Huchimba vitanda vidogo vilivyozama, na kuvizungushia kingo za udongo, ili kila tone libaki pale lilipomwagwa. Na kitabu cha kilimo cha Uchina, kilichoandikwa katika karne ya 1 kabla ya Kristo, chafundisha kufukia chungu kisichopakwa rangi, kukijaza maji, na kupanda mimea kukizunguka. Maji huvuja polepole kupitia udongo wa chungu na kuifikia mizizi bila kuliwa na jua.

Katika hayo, lipi liko mbali nasi? Vyungu tunavyo. Samadi tunayo, na majani makavu ya kufunika udongo hayanunuliwi. Kitanda cha hatua mbili kwa nne, kilichozama kiganja kimoja, kikitiwa samadi iliyooza na kufunikwa kwa nyasi, chaweza kunyweshwa maji yaliyooshea vyombo, maadamu hayana sabuni nyingi. Mwagilia jioni, si adhuhuri. Panda mgagani na kunde kidogo kidogo kila baada ya majuma mawili, wala usipande zote siku moja, ili usile kwa wingi mwezi mmoja na kufunga mwezi ufuatao. Acha mashina machache bora yazae mbegu. Na yale majani ya akiba, yakaushe kivulini penye upepo. Kwa maana jua kali huharibu ile vitamini A niliyoitaja.

Yako maneno ya kutia moyo. Tangu mwaka wa 1992, kituo cha utafiti wa mboga kilichoko Arusha kimekuwa kikikusanya na kuboresha mbegu za mgagani, mnavu na mchicha, na majani hayo sasa huuzwa mijini kwa watu wenye fedha. Jani lililoitwa la maskini limepata kuwa la kununuliwa. Lakini mbegu iliyo katika kituo haimfundishi mtu kupika. Elimu ya kulaza majani katika maziwa, ya kujua jani changa kwa kugusa, ya kuchagua shina la mbegu, ingali katika vichwa vya bibi zetu, na kila mwaka mmoja wao aondokapo huondoka nayo.

Kwa hiyo, ndugu walimu wenzangu na ninyi wasomaji wote, kabla ya masika ijayo mpelekeeni bibi mmoja kibuyu cha maziwa, mkae naye mekoni, mkamwulize. Mwombeni na mbegu zilizoko juu ya moshi. Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabichi ni msala mzuri, nao una siku zake. Lakini Agosti ikifika na vijito kukauka, ni mbachao utakaoulalia.