Goddard, John (1924–2013)

John Goddard alikuwa mpiga kasia, mwandishi na mtengenezaji wa filamu za safari kutoka Marekani, ambaye katika miaka ya 1950 na 1951, akiwa pamoja na Wafaransa Jean Laporte na André Davy, aliufuata mto Nile kuanzia chemchemi zake za Burundi hadi Bahari ya Mediterania. Alizaliwa Salt Lake City tarehe 29 Julai 1924, akakulia Los Angeles, na alipokuwa na umri wa miaka 15 aliandika orodha ya malengo 127 ya maisha yake, akiitanguliza mito ya Nile, Amazon na Kongo.

Burundi wakati huo ilikuwa sehemu ya Ruanda-Urundi, eneo la udhamini lililotawaliwa na Ubelgiji kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Kusini mwa nchi, karibu na Rutovu, Mjerumani Burkhart Waldecker alikuwa ametambua mwaka 1937 chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote. Ingawa Ziwa Tanganyika haliko mbali na hapo, milima inayotenganisha mabonde ya Kongo na Nile huyazuia maji hayo yasishuke ziwani, nayo hupitia Ruvyironza, Ruvubu na Kagera hadi Ziwa Victoria.

Wasafiri hao walitumia kayaki, yaani mitumbwi myembamba ya mtu mmoja iliyofunikwa juu, ambayo huendeshwa kwa kasia lenye bapa kila upande. Safari yao, iliyochukua takribani miezi tisa na kufikia kilomita zipatazo 6,700, huhesabiwa kuwa ya kwanza kuufuata mto huo wote kutoka chimbuko la Kagera. Thamani yake kubwa imo katika wakati ilipofanyika: bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililozamisha maporomoko ya Ripon, lilikamilika mwaka 1954, na Bwawa Kuu la Aswan, ambalo ziwa lake lilifunika vijiji vya Wanubi pamoja na mji wa kale wa Wadi Halfa, likakamilika mwaka 1970. Kwa hiyo kumbukumbu za safari hiyo ni ushahidi wa mto ambao vizazi vya sasa haviwezi tena kuuona.

Goddard aliisimulia safari hiyo katika jarida la National Geographic mwaka 1955 na katika kitabu *Kayaks Down the Nile* cha mwaka 1979, na kwa miongo mingi alizunguka akitoa mihadhara iliyoambatana na filamu zake. Baadaye aliufuata pia mto Kongo, ambako mwenzake Jack Yowell, aliyetoka Kenya, alikufa maji. Goddard alifariki tarehe 17 Mei 2013. Katika historia ya Burundi anastahili kukumbukwa miongoni mwa wale waliouonyesha ulimwengu kwamba simulizi ya Nile huanzia katika vilima vya nchi hiyo.