Safu ya Lugha: Presha, Shinikizo na Mtiririko

Hapa Tukuyu na katika vijiji vya Rungwe, pindi mgonjwa mahututi anapolazwa katika hospitali ya Makandana, jamaa zake huarifiana ya kuwa presha ni nzuri, kwa hiyo damu yafika kichwani. Ilhali mambo hayo mawili si jambo moja. Presha tumeiazima kwa Waingereza, nasi tunalo shinikizo, jina lililokuwa la chombo cha kukamulia mafuta: lataja nguvu ya kusukuma, wala halitaji kiasi cha damu kilichofika. Kiasi hicho ndicho mtiririko. Na mzunguko ni safari nzima, kutoka moyoni hata kurejea.

Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa ubongo uliovimba hushinikiza nao ndani ya fuvu, hata tabibu akalazimika kuondoa shinikizo la fuvuni katika wastani wa shinikizo la ateri, ndipo aijue nguvu iliyosalia ya kuulisha. Na kipimo cha mawimbi ya sauti kipitishwacho panjani, kilichotangazwa mwaka 1982, huonyesha kasi ya damu, si kiasi chake. Basi tuseme shinikizo kwa nguvu, kasi kwa mwendo, na mtiririko kwa kiasi, ili tabibu na jamaa wa mgonjwa wafahamiane.