Lisemwalo Lipo: Historia ya Kutabiri Mwigizaji Bora wa Kike

Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Machi, magazeti ya Marekani hushughulishwa na swali ambalo kwa mtazamo wa haraka halituhusu: ni wanawake gani watano watakaoteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na ni nani kati yao atakayeibuka mshindi. Wanafunzi wangu hulifuatilia suala hili kwa hamasa ileile wanayoifuatilia ligi za soka za Ulaya. Msomaji anaweza kuuliza mhadhiri wa masuala ya siasa na jamii ana lipi la kusema kuhusu burudani ya watu wa Hollywood. Ninalo. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Historia ya tuzo hii inatufundisha namna nusu ya pili ya methali hiyo inavyofanya kazi: mara nyingi jambo huja kwa sababu limesemwa, na uwezo wa kulisema likasikika haujagawanywa sawa.

Tuanze na mwanzo wake. Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu iliundwa mwaka 1927, na mmoja wa waasisi wake wakuu alikuwa Louis B. Mayer, mkuu wa studio ya MGM. Miongoni mwa malengo yake ya awali lilikuwemo la kushughulikia migogoro ya kazi kwa namna ambayo ingevinyima nafasi vyama vya wafanyakazi. Tuzo zilikuja baadaye kidogo. Hafla ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Mei 1929, na Janet Gaynor akapokea tuzo ya mwigizaji wa kike kwa kazi yake katika filamu tatu. Hapakuwa na utabiri wowote wa kufanya usiku ule, kwani majina ya washindi yalikuwa yametangazwa miezi mitatu kabla. Wakubwa walikuwa wameamua, na wageni walialikwa kula chakula na kupiga makofi.

Miaka michache iliyofuata, Akademia iliwapa waandishi wa habari majina ya washindi mapema kwa makubaliano kwamba wasiyachapishe hadi saa iliyopangwa. Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, gazeti la Los Angeles Times liliyachapisha katika toleo lake la jioni, na baadhi ya wateule wakawasili ukumbini wakiwa wameshajua hatima yao. Vivien Leigh alishinda kwa filamu ya Gone with the Wind. Usiku huohuo Hattie McDaniel akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, katika nafasi ya mwigizaji msaidizi, ilhali ameketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile. Mwaka uliofuata Akademia ilianza kutumia bahasha zilizofungwa kwa lakiri.

Naona bahasha ile ndiyo iliyoufanya utabiri kuwa biashara. Siri inapokuwepo, hujitokeza watu wanaodai kuifahamu, na hujitokeza wengine walio tayari kulipia madai hayo. Hata hivyo, msingi wa biashara hiyo ulikuwa umeshaanza kuonekana mwaka 1935. Bette Davis alikuwa amesifiwa sana kwa filamu ya Of Human Bondage, lakini jina lake halikuwemo kwenye orodha ya wateule watatu. Davis alikuwa na mkataba na studio ya Warner Bros., na filamu ile ilitengenezwa na RKO iliyomwazima. Kila studio ilikuwa na sababu ya kutompigania: mmoja asingefaidika na filamu, mwingine asingefaidika na mwigizaji. Malalamiko yalizidi hadi Akademia ikawaruhusu wapigakura kuandika jina lolote walitakalo kwenye karatasi ya kura. Mshindi hata hivyo alikuwa Claudette Colbert, aliyefuatwa kituo cha reli akiwa karibu kupanda treni. Mwaka 1936 Davis alishinda kwa filamu nyingine, Dangerous, na wengi waliiona tuzo hiyo kuwa fidia. Ruhusa ya kuandika majina nje ya orodha haikudumu. Orodha ilibaki kuwa mlango, nao mlango ukabaki na wenyewe.

Kama kuna mtu anayestahili kuitwa mwasisi wa utabiri wa kisasa, mimi ningemtaja Henry Rogers, aliyekuwa mtangazaji wa Joan Crawford. Crawford alikuwa ameondoka MGM mwaka 1943, na wengi walimwona kuwa nyota iliyokwisha kuzama. Alipokuwa akiigiza katika Mildred Pierce, Rogers alifanya mpango ili mwandishi mashuhuri wa safu za Hollywood, Hedda Hopper, adokezwe kwamba uigizaji wa Crawford ulikuwa wa kiwango cha Oscar. Filamu ilikuwa bado inapigwa. Hakuna mpigakura aliyekuwa ameiona. Hopper akaandika, wengine wakarudia, na kila aliyerudia akawa ushahidi kwa mwenzake. Machi 1946 Crawford alishinda. Hakuhudhuria hafla, akieleza kuwa mgonjwa, lakini wapigapicha walimkuta kitandani amejipamba, na picha zake na tuzo zikatawala magazeti ya kesho yake.

Nisieleweke kwamba Crawford hakustahili. Uigizaji wake katika filamu ile umedumu, na watu wangali wakiutazama. Hoja yangu ni kuhusu mpangilio wa matukio: jina lilitangulia kazi. Utabiri ulikuwa umeondoka kwenye kukisia watu watapigia nani kura, ukaingia kwenye kuwaambia ni nani wa kufikiriwa. Mpigakura mwenye filamu nyingi za kutazama na muda mfupi wa kuzitazama huanza na zile alizosikia zikitajwa. Asiyetajwa hushindwa hata kabla ya kupimwa. Asiyekuwepo, na lake halipo.

Kwa kipimo hicho, tumtazame Dorothy Dandridge. Mwaka 1955 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji mkuu, kwa filamu ya Carmen Jones. Wengi walitarajia ushindi wa Judy Garland kiasi kwamba wapigapicha wa televisheni walipelekwa hospitalini alikokuwa amejifungua, ili apate kushukuru akiwa kitandani. Aliyeshinda ni Grace Kelly. Historia hupenda kusimulia mshangao huo wa Garland na Kelly. Mimi huuliza swali la Dandridge: ni nani aliyekuwa akimtabiria nafasi nyingine? Hollywood haikuwa ikiandika nafasi kuu kwa ajili ya wanawake wenye rangi yake, na baada ya Carmen Jones hakupata tena uteuzi wa Oscar. Alifariki mwaka 1965. Ilichukua hadi mwaka 1973 kwa wanawake Weusi wengine, Diana Ross na Cicely Tyson, kuingia katika orodha ile. Halle Berry alipotwaa tuzo hiyo mwaka 2002 kwa Monster's Ball, alikuwa mwanamke Mweusi wa saba kuteuliwa katika muda wa karibu nusu karne, na hadi hafla ya mwaka 2025 alikuwa bado mshindi pekee.

Kwa waigizaji wenye asili ya Asia, habari ina uchungu wa aina nyingine. Merle Oberon, mzaliwa wa Bombay, aliteuliwa mwaka 1936, lakini aliificha asili yake ya Kiasia maisha yake yote kwa kuwa kuitaja kungemfungia milango. Ilipofika mwaka 2023 ndipo Michelle Yeoh alipoipokea tuzo hiyo akijulikana wazi kuwa yeye ni nani.

Je, tatizo lilikuwa ubaya wa mioyo ya watabiri? Siamini hivyo. Mtabiri mzuri huangalia mambo yaliyokwisha kutokea: filamu za aina gani huteuliwa, studio zipi hutumia fedha nyingi, tuzo zipi hutangulia. Mwaka 2012 Los Angeles Times ilichunguza wapigakura wa Akademia na kukuta kwamba asilimia 94 walikuwa weupe na asilimia 77 wanaume, na kwamba nusu yao walikuwa na umri wa miaka 62 au zaidi. Mtabiri aliyeijua hali hiyo alitabiri kwa mujibu wake. Studio ikausoma utabiri na kuweka fedha pale palipoonekana kuwa na matumaini. Wapigakura wakawaona waliowekewa fedha. Matokeo yakathibitisha utabiri. Katika mzunguko huu hakuna hata mmoja aliyelazimika kuwa mbaguzi kwa nia. Kila mmoja alihitaji tu kuwa na busara ya biashara. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya watautambua mzunguko huo, maana wameuona katika mambo ya kwao, ambako mtu huteuliwa kwa kuwa ana uzoefu, na uzoefu huo ameupata kwa kuwa aliteuliwa.

Mzunguko huu ulitikiswa pale watu wa nje walipoukataa hadharani. Mwaka 2015, na tena mwaka 2016, wateule wote 20 wa tuzo za uigizaji walikuwa weupe. Lawama zilizoanzishwa mitandaoni na mwanaharakati April Reign zilienea duniani, na Januari 2016 Akademia ikaahidi kuongeza maradufu idadi ya wanachama wanawake na wanachama wa makundi yaliyotengwa kufikia mwaka 2020. Walialikwa pia wanachama wengi kutoka nje ya Marekani. Tangu hapo kazi ya utabiri imekuwa ngumu. Mwaka 2019 Glenn Close alitarajiwa, akashinda Olivia Colman. Mwaka 2024 Lily Gladstone alishinda tuzo ya chama cha waigizaji, lakini Oscar ikaenda kwa Emma Stone. Mwaka 2025 Demi Moore alitangulia kwa tuzo hiyohiyo ya waigizaji, akapitwa na Mikey Madison. Wapigakura wamebadilika, na vipimo vya zamani havitoshi.

Hata hivyo, tusishangilie mapema. Mwaka 2023 Andrea Riseborough aliteuliwa kwa To Leslie, filamu ndogo iliyokuwa imeingiza dola zipatazo 27,000 tu katika kumbi za sinema. Haikuwa na fedha za matangazo. Ilikuwa na marafiki. Katika siku za upigaji kura, waigizaji mashuhuri kama Kate Winslet na Edward Norton waliisifu hadharani. Akademia ilichunguza kampeni ile na kuamua kutoufuta uteuzi. Wakati huohuo Viola Davis na Danielle Deadwyler, waliokuwa wakitajwa na watabiri wengi, waliachwa nje. Wengine walisema ni ushindi wa maskini dhidi ya studio. Mimi naona palibadilishwa mtaji wa fedha kwa mtaji wa kujuana, na aliyekosa vyote viwili alibaki alipokuwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelionja jambo hili. Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alishinda Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 2014 kwa 12 Years a Slave. Mwaka 2019 alibeba filamu nzima ya Us akiigiza nafasi mbili, na wahakiki wa New York wakamtangaza kuwa mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Orodha ya Oscar ilipotoka, hakuwemo. Watabiri walikuwa wameeleza udhaifu wake mapema: filamu ya kutisha, tena iliyotoka mwezi Machi, mbali na msimu wa tuzo. Sababu zote mbili zilikuwa sahihi kama maelezo, na hakuna hata moja iliyogusa uigizaji wake.

Wala milango haifungwi Hollywood pekee. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilipigwa marufuku nchini Kenya na bodi inayoainisha filamu. Ili filamu ifikiriwe kuiwakilisha nchi katika Oscar, ilipaswa kuonyeshwa nyumbani kwa siku saba mfululizo. Kahiu akaenda Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huo marufuku ikasimamishwa kwa siku saba. Kumbi zikajaa. Kamati ya Kenya hatimaye ilichagua filamu nyingine, Supa Modo, ambayo nayo ni kazi ya kujivunia. Lakini mwaka 2019 Samantha Mugatsia, mhusika mkuu wa Rafiki, alitangazwa kuwa mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou. Bila zile siku saba za mahakama, Wakenya wengi wasingepata nafasi ya kuona kwa macho yao, katika ukumbi wa nchi yao, kile ambacho majaji wa Ouagadougou walikipa tuzo.

Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu wasiache kutabiri, ila waongeze jambo moja. Baada ya kuandika majina matano, waandike la sita: la yule ambaye kazi yake wameiona kuwa bora, nao wamemwacha kwa kuwa "hana nafasi". Kisha waeleze kwa maandishi ni nani aliyewaambia hivyo. Zoezi hili linafaa pia kwa orodha za wanaotajwa kugombea ubunge, kuongoza idara au kuketi kwenye bodi ya shirika la umma. Jina la sita huwa halina gharama kuliandika. Kazi ipo katika kueleza kwa nini tuliliacha, na katika kukubali kwamba kwa kuliacha, sisi nasi tumepiga kura.