Baiti si Herufi: Historia Fupi ya Herufi Pana

Dennis Ritchie alipobuni lugha ya C katika Maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nafasi ya baiti moja ilipewa jina la char, yaani herufi. Jina lilitosha, kwa kuwa Kiingereza kiliandikika kwa alama 128 za ASCII, mfumo uliotolewa mwaka 1963.

Taabu ilidhihirika katika Kijapani. Katika mfumo wa Shift JIS herufi nyingi huchukua baiti mbili, na baiti ya pili huweza kufanana na alama ya mkwaju nyuma (\). Amri ya strchr, ambayo hupekua mfuatano baiti kwa baiti, ikitafuta mkwaju huo huweza kuangukia nusu ya herufi nyingine.

Sanifu ya mwaka 1989 ilileta wchar_t, yaani herufi pana. Nyongeza ya mwaka 1995 ikaleta wcschr, ambayo hupekua herufi pana moja moja na kuonyesha mahali ilipo ile ya kwanza inayolingana. Hata hivyo upana haukusanifiwa: katika Windows ni biti 16, katika Linux kwa kawaida 32.

Kwa maoni yetu, mfasiri asiandike "herufi" panapokusudiwa baiti. Kiswahili cha hati za Kilatini hulificha kosa hilo. Kile cha hati za Kiarabu, ambacho herufi zake hazimo katika ASCII, hulifichua mara moja.