Majina Sita Katika Makala Moja

Mwaka 1984 jarida la Physical Review Letters lilichapisha makala fupi kuhusu vishada vya sodiamu, yaani mafungu madogo ya atomi, kuanzia chache hadi mia moja hivi. Makala hiyo ina majina sita. Mawili ni ya maprofesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Walter Knight na Marvin Cohen. Manne ni ya wanafunzi waliokuwa bado wanasomea uzamivu: Keith Clemenger, Walt de Heer, Winston Saunders na Mei-Yin Chou. Katika insha hii ninadai kwamba historia ya vishada vya metali haielezeki bila wanafunzi hao, na kwamba ina funzo kwetu tunaotafuta nafasi kama zao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sodiamu ilichemshwa katika tanuri, mvuke wake ukachanganyika na gesi ya agoni na kufyatuka kupitia tundu dogo hadi ndani ya ombwe. Mvuke ulipoa ghafla, atomi zikashikana. Vishada vilipohesabiwa kwa ukubwa, vile vyenye atomi 8, 20, 40, 58 na 92 vilijitokeza kwa wingi, na idadi ikashuka mara tu baada ya kila kimoja. Sababu ni kwamba kila atomi ya sodiamu huachia elektroni moja, nazo huzunguka katika kishada kizima kana kwamba ni atomi moja kubwa. Ngazi ya elektroni ikijaa, kishada hutulia. Wazo kama hilo lilikuwa limeshaeleza kiini cha atomi tangu 1949.

Lakini vilibaki vilele vidogo visivyoelezeka. Mwaka 1985 Clemenger alionesha kwamba kishada ambacho ngazi yake haijajaa hakibaki mviringo kama mpira, bali hurefuka au kubonyea. Wazo hilo Sven Nilsson alikuwa amelitumia kwa viini mwaka 1955. Hivyo mwanafunzi alivuka mpaka wa somo lake, akarudi na jibu.

Mimi ninasoma shahada ya kwanza hapa Uganda. Mwaka jana nilisoma matangazo ya nafasi za uzamivu katika fani hii, na mengi yalitaka uzoefu wa leza na pampu za ombwe. Sijawahi kugusa pampu ya ombwe. Nilikata tamaa, hadi nilipoyatazama tena majina yale sita. Chou, aliyetoka Taiwan, hakuingia kwa mlango wa tanuri. Alikuwa mwanafunzi wa Cohen, na kazi yake ilikuwa nadharia na hesabu.

Basi niliazima kompyuta, nikapanga elektroni ndani ya tufe lenye kuta ngumu. Nilipata 8, 20, 40, 58 na hata 92. Nilifurahi mno. Kisha nikaona kasoro: hesabu yangu ilisema 34 iwe imara kuliko 40, ilhali maabara ilionesha kinyume. Niliporudi kwenye makala nikaona kwamba wao hawakutumia kuta ngumu, bali bakuli lenye ukingo uliolainishwa. Kosa langu lilinifunza zaidi ya majibu niliyopata sawa.

Sisemi kwamba hesabu inaondoa hitaji la maabara. Clemenger asingekuwa na la kueleza kama tanuri lisingewaka, na vyuo vyetu vinastahili kuwa na vifaa hivyo. Ninachosema ni kwamba historia hii inapinga dhana kuwa mwanafunzi wa uzamivu ni msaidizi wa kubeba vyombo. Nafasi ya uzamivu ni swali ambalo halijajibiwa, na msimamizi aliye tayari kukuachia ulishike.

Kwa hiyo nimeanza kuandika upya barua yangu ya maombi. Ile ya kwanza ilianza na alama zangu za mitihani. Hii mpya inaanza na namba 34.